Deni la Sheria Iliyofutwa

Jumamosi ya tarehe 23 Machi 2024, mjini Montreal, Kanada, kijana Mfaransa aitwaye Adam Siao Him Fa aliingia barafuni akiwa wa 19. Huyo alikuwa bingwa wa Ulaya, mara ya kwanza mwaka 2023 mjini Espoo, mara ya pili Januari 2024 mjini Kaunas. Lakini katika mashindano haya ya dunia ya kuteleza kwa madaha kwenye barafu, programu fupi, ambayo ndiyo sehemu ya kwanza, ilimharibikia, akapata alama 77.49, na wanaoruhusiwa kuendelea hadi programu ndefu ni 24 tu. Aliponea chupuchupu. Wenye alama za chini ndio hutangulia, kwa hiyo akateleza katika kundi la mwanzo. Aliruka, akajizungusha hewani, akatua kwa mguu mmoja, akaruka tena. Katikati ya hayo yote akafanya jambo ambalo kanuni za mchezo zilikuwa zimelikataza tangu miaka ya 1970: akapiga samasoti ya kinyumenyume, kichwa chini, miguu juu, na zile bapa za chuma zikirudi barafuni salama. Majaji wakamkata alama 2.

Hata baada ya kukatwa alipata 206.90, jumla 284.39. Akaenda kuketi kwenye kiti cha anayeongoza, akangoja. Likaja kundi la pili, la tatu, hadi la mwisho lenye vigogo, na waliompita walikuwa wawili tu: Ilia Malinin wa Marekani na Yuma Kagiyama wa Japani. Kutoka nafasi ya 19 akaondoka na shaba.

Mwezi Juni mwaka huohuo, ISU, shirikisho linalosimamia mchezo huo duniani, likakutana na kulifuta lile katazo. Tangu msimu uliofuata mtu anaweza kupiga samasoti asikatwe kitu.

Swali lililonikaa kichwani ni hili: zile alama 2 za mwezi Machi zilikatwa kwa kosa gani?

Mimi ni mzee wa kanisa la Waadventista hapa Ikonge, kaunti ya Nyamira. Nalima chai, na siku ya Sabato naongoza darasa la vijana katika Shule ya Sabato. Kijana mmoja wa darasa hilo ndiye aliyenionyesha mchezo huo kwenye simu yake, tukiwa tumeketi nje baada ya ibada ya jioni. Barafu ya aina hiyo hatuna. Iliyo karibu nasi iko Nairobi, ndani ya hoteli ya Panari kwenye Barabara ya Mombasa, na uwanja wenyewe ni mdogo kuliko ule wa mita 60 kwa 30 unaotumika katika mashindano makubwa. Lakini Siao Him Fa si mgeni kabisa kwetu. Alizaliwa Bordeaux mwaka 2001, na wazazi wake walitoka Mauritius, kisiwa cha bahari ileile inayopiga pwani ya Mombasa.

Sisi Wagusii tunajua habari za mashindano, ila tumezoea mashindano yasiyo na jaji wa namna hiyo. Nyandika Maiyoro alikimbia Melbourne mwaka 1956, akamaliza wa saba katika mita 5,000. Naftali Temu, mwana wa Nyamira hii, alishinda mita 10,000 mjini Mexico City mwaka 1968, na hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya nzima. Hakuna aliyeulizwa kama Temu alikimbia vizuri. Utepe ulikatwa kwa kifua chake, saa ikasema dakika 29 na sekunde 27, basi. Mwenye kuteleza barafuni hana utepe. Anasimama mbele ya watu tisa wenye meza, na kila ulichokifanya mwili wake kinageuka kuwa maoni ya wengine. Hata wazee wenzangu wanaouliza mwanamume anatafuta nini kwa kuteleza na shati la kumeta, naona wanakosa jambo hili: kijana huyo amekubali kuhukumiwa hadharani kuliko mkimbiaji yeyote, kwa kile anachofanya na kwa namna anavyokifanya. Anayeamini kwamba siku moja atasimama mbele ya kiti cha hukumu ana la kujifunza hapo.

Nilipolitoa swali langu darasani, vijana wengi walijibu upesi: sheria ni sheria. Aliijua, akaivunja, akalipa. Jibu hilo nalipenda kuliko wanavyodhani. Siao Him Fa hakujificha. Hakuvizia jaji ageuke. Alifanya mbele ya kila mtu, akijua bei, akalipa bila kulalamika. Mchezo usio na kanuni haupo, na kanuni inayofuatwa tu na wale wanaokubaliana nayo si kanuni. Katazo lenyewe halikutoka hewani. Mmarekani Terry Kubicka alipiga samasoti hiyo katika Olimpiki ya Innsbruck mwaka 1976, na baada ya hapo wakuu wakaikataza kwa sababu zinazoeleweka: ni hatari, kichwa kinapita karibu na barafu ngumu, na mtu hutua kwa miguu miwili, ilhali miruko ya mchezo huo hutakiwa kutua kwa mguu mmoja. Kama ningekuwa mmoja wao mwaka ule, huenda ningeinua mkono pamoja nao.

Lakini kuna mwanamke anayelifanya jibu hilo kuwa chungu. Surya Bonaly, Mfaransa mweusi, alikuwa bingwa wa Ulaya mara tano mfululizo, kuanzia 1991 hadi 1995, na mara tatu wa pili duniani. Alifika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 akiwa ameshaumia mshipa wa kisigino miaka miwili kabla. Wakenya tunaikumbuka Nagano kwa sababu ya Philip Boit, aliyemaliza wa mwisho katika kilomita 10 za kuteleza kwenye theluji na kukuta Bjørn Dæhlie, mshindi, bado anamngoja ili amkumbatie. Siku chache baadaye, katika Olimpiki hiyohiyo, Bonaly alikuwa wa sita baada ya programu fupi. Katika programu ndefu mwili ulimkatalia, akaona medali imemponyoka. Hapo akapiga samasoti ya kinyumenyume na kutua kwa mguu mmoja. Ile hoja ya miguu miwili akaijibu kwa mguu wake. Wakamkata alama. Akamaliza wa kumi, na mashindano yake ya kulipigania taifa yakaishia hapo.

Tazama sasa. Siao Him Fa alikuwa ameshapiga samasoti hiyo kabla ya Montreal, akiwa na akiba. Kule Kaunas alikuwa mbele kwa mwanya mkubwa, alama 2 hazikumpunguzia chochote isipokuwa tarakimu. Bonaly aliifanya akiwa amebaki na heshima yake tu. Kwa miaka mingi jina lake likawa mfano wa mkaidi. Miaka 26 baadaye kanuni ikafutwa, na matokeo ya Nagano hayakuguswa. Yamekaa vilevile, wa kumi. Adhabu moja, kanuni moja, lakini uzito ulikuwa mwepesi kwa mwenye alama nyingi na mzito kwa aliyefilisika. Nimekuwa kwenye mabaraza ya kanisa muda mrefu wa kutosha kujua kwamba kwetu pia ndivyo ilivyo. Mwenye shamba kubwa akikaripiwa, hurudi Sabato ijayo na kuketi mahali pake. Maskini akikaripiwa, familia yote hukaripiwa.

Hapa lazima niseme habari ya baba yangu mdogo.

Yeye alipiga obokano. Asiyeijua, obokano ni zeze kubwa la Wagusii lenye nyuzi nane, sauti yake nzito kiasi kwamba unaisikia kifuani kabla haijafika masikioni. Mpigaji huketi, akaliegemeza chombo mwilini, akaimba huku akipiga. Baba mdogo alikuwa Mwadventista kama sisi wote, mtoto wa watu waliobatizwa na wale waliofundishwa na wamishonari. Ujumbe ulifika Gendia mwaka 1906, kisha ukapanda hadi Nyanchwa, Kisii, na kutoka huko ukaenea milima hii yote. Wamishonari na wanafunzi wao waliona obokano pamoja na pombe, pamoja na matambiko, wakaviweka vyote kapu moja. Siwahukumu kwa hilo, waliona ngoma na ulevi vikitembea pamoja. Baba mdogo hakunywa. Alialikwa harusini kwa jirani, akapiga usiku kucha, akarudi nyumbani na mbuzi aliyepewa kwa shukrani. Sabato mbili hazikupita, jina lake likasomwa mbele ya kanisa. Alikaripiwa, akaombwa atubu na aache chombo. Alisema ataacha harusi za pombe ila chombo hataacha, kwa sababu alikirithi kwa baba yake na hajamkosea mtu kwacho. Akafutwa ushirika. Alipofariki, mchungaji hakuja. Tulimzika ukoo peke yetu.

Leo obokano inasikika redioni katika nyimbo za injili. Watoto wetu huishindania katika tamasha za muziki za shule, na walimu wao, wengine wakiwa wazee wa kanisa, hupiga makofi. Hakuna aliyetangaza kwamba katazo limefutwa. Lilikufa tu kimya kimya, na lilipokufa halikumrudishia mtu kitu.

Najua hofu inayoinuka kwa msomaji Mwadventista hapa, kwa kuwa ndiyo iliyoinuka kwa mke wangu nilipomweleza. Kama makatazo hubadilika, kesho mtu atasema na Sabato ibadilike. Nimelifikiri hilo sana, na jibu langu ni kwamba makosa hayafanani. Ondoa amri ya kutoiba, aliyeibiwa bado ameibiwa. Kilio chake hakikungoja sheria iandikwe. Ondoa Sabato, na utaona ni nani anaumia: mchuma chai, mjakazi, mtoto wa dukani, hata ng'ombe wa plau, wote wale ambao hakuna mtu angewaambia wapumzike kama Mungu asingesema. Amri za namna hiyo zina aliyeumizwa nyuma yake. Lakini ISU ilipofuta katazo la samasoti, hakuna aliyejitokeza kusema ameumizwa na samasoti za miaka iliyopita. Obokano iliporudi, hakuna mjane wala yatima aliyedai kwamba amenyang'anywa kitu. Katazo lililokuwepo lilimlinda mtu na hatari, hatari ya kuvunjika shingo, au hatari ya kuvutwa na ulevi. Hilo ni jambo jema. Ila anayekaidi onyo la hatari anastahili kuonywa tena, na kuombewa, na kushikwa mkono akianguka. Hastahili kuaibishwa. Tatizo letu ni kwamba tunaandika maonyo yetu kwa wino uleule tunaoandikia amri, halafu wajukuu wetu wakifuta maonyo, wanadhani amri nazo zimefutika.

Niseme wazi pia kwamba Sabato inanigharimu. Ile fainali ya Montreal ilikuwa Jumamosi. Ya Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, Yuzuru Hanyu alipotwaa dhahabu yake ya pili mfululizo, nayo ilikuwa Jumamosi, tarehe 17 Februari. Saa za huku ilikuwa asubuhi, watu wa Ikonge wakijiandaa kwenda kanisani. Kama mtoto wa darasa langu angejaliwa miguu ya Hanyu, ningemwambia asiende, na ningelia naye. Sisemi kwa wepesi kwamba kipaji hakina uzito. Mungu aliyempa mtu mwili wa kuweza kujipindua hewani na kurudi chini salama hakumpa kwa mzaha.

Sasa nifike kwenye hukumu yenyewe, maana ndiko swali la alama 2 linakonipeleka. Kanisa letu linafundisha hukumu ya upelelezi: kwamba tangu mwaka 1844 vitabu vimefunguliwa katika patakatifu pa mbinguni, na maisha ya kila aliyelitaja jina la Mungu yanapitiwa. Nimesikia mafundisho hayo tangu utotoni, na mara nyingi yamehubiriwa kwa namna ya kututia hofu, kila tendo limeandikwa, kila neno, kaa macho. Vijana wengi wameyakimbia kwa sababu hiyo. Mimi nayashikilia kwa sababu nyingine. Vitabu vinapitiwa ili iweje, kama Mungu anajua yote tangu mwanzo? Kama ni kusoma tu adhabu ambazo mabaraza yetu yameshatoa na kuzipigia muhuri, basi hatuhitaji hakimu mbinguni, karani angetosha. Kupitia kesi upya kuna maana tu ikiwa hukumu ya kwanza inaweza kutenguliwa. Naamini kuna hukumu kwa sababu nimeona hukumu za wanadamu, nyingi zilizotolewa kwa nia njema na kwa kura zilizohesabiwa vizuri, zikiwaacha watu nje ya mlango, kisha mlango ukaondolewa na hakuna aliyekwenda kuwatafuta.

Majaji wa barafuni wenyewe wamekubali jambo hili nusu. Mwaka 2002 kule Salt Lake City ilidhihirika kwamba jaji mmoja wa mashindano ya jozi alishinikizwa, ikabidi jozi ya Kanada ipewe dhahabu ya pili kando ya ile ya Warusi. Baada ya aibu hiyo waliuacha mfumo wa zamani ambao alama ya juu kabisa ilikuwa 6.0, wakaleta mwingine ambamo kila mruko una thamani yake na anayeanguka hukatwa, lakini alichojaribu hakifutwi. Nimeuelewa mfumo huo kwa shida, kijana wangu akinifafanulia, na nimeupenda kwa jambo moja: hauna dari. Hakuna tena alama inayoitwa kamilifu. Hanyu mwenyewe, kule Beijing mwaka 2022, alijaribu mruko wa Axel wa mizunguko minne na nusu ambao hakuna aliyekuwa ameuweza, akaanguka, akamaliza wa nne. Lakini karatasi ya majaji ina jaribio lile, limeandikwa kwa jina lake, pamoja na kasoro yake. Walio tayari kurudisha dhahabu baada ya siku chache na kuandika hata jaribio la aliyeanguka, wangeweza pia kumwandikia Bonaly mstari mmoja.

Nasema hivyo kwa sababu imani ya hukumu inaweza kuwa uvivu. Ni rahisi kusema Mungu atatengeneza, tukaacha daftari lilivyo. Kilicho mikononi mwetu hatujaruhusiwa kumwachia yeye. Kwa hiyo nimelipeleka jambo la baba mdogo kwenye baraza la kanisa. Nimeomba uamuzi ule usomwe tena, useme kwamba leo usingetolewa, na jina lake liandikwe.

Mchungaji wetu, kijana mpole aliyesoma vizuri, alinijibu kwa upendo. Alisema daftari ni la walio hai. Alinikumbusha fundisho letu wenyewe kwamba wafu wamelala na hawajui neno lolote, hivyo jina likirudishwa halitamwongezea marehemu kitu. Tumwache mikononi mwa Hakimu wa haki. Nilimwambia nakubali kila neno. Baba mdogo hatasikia. Lakini karipio lake halikusomwa sikioni pake peke yake. Lilisomwa mbele ya kanisa zima, watoto wake wakiwa wameketi benchi la tatu, na watoto hao hawajalala. Mmoja ni mwalimu, mwingine anauza nguo hapa sokoni. Hawajaingia kanisani tangu maziko, na hakuna kati yetu aliyewahi kuwaambia kwamba kile baba yao alichofutiwa jina, sasa tunakipigia makofi. Mchungaji alinyamaza, akasema hilo hakulifikiria.

Baraza litakutana tena kabla ya makambi ya Agosti. Nimemwomba karani aliandike jambo hilo kwenye ajenda, na nimemwomba mwalimu yule aje, akipenda, asikie likijadiliwa.